Nairobi hadi Unguja bila kupanda ndege

Mama hapandi ndege. Alikuwa kwangu Nairobi kwa matibabu ya macho, na daktari alipomruhusu kusafiri akasema kabla ya kutulia nyumbani Mombasa anataka kumwona dada yake, mama mkubwa, aliyeolewa Unguja kabla mimi sijazaliwa. Nikamweleza kwamba kwa ndege ni safari ya saa moja na dakika kadhaa. Akasema, "Mwanangu, nataka nione ninapopita." Basi tukapanga njia ya chini: treni hadi Mombasa, feri ya Likoni, basi hadi Tanga na Dar es Salaam, kisha boti.

Naandika kwa ajili ya wenye wazee pande zote mbili ambao wangependa kuwapeleka kwa njia hii. Naandika pia kwa sababu kuna jambo linaniuma kuhusu bahari ile iliyo katikati ya Mombasa na Unguja, na safari hii imenipa nafasi ya kulisema.

Alhamisi: Syokimau hadi Miritini

Treni ya asubuhi ya Madaraka Express huondoka saa mbili kamili na kusimama vituo vya njiani: Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Iko ya alasiri yenye kasi zaidi na nyingine ya usiku, ila sisi tulitaka mwanga wa mchana. Tikiti nilikata kwa simu, *639#, nikalipa kwa M-Pesa. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500, la kwanza 4,500. Zamani ilikuwa 1,000 na 3,000, hadi bei zilipopanda Januari 2024. Wakati wa sikukuu na shule zikifungwa, usipokata mapema utabaki.

Fika kituoni angalau saa nzima kabla. Ukaguzi si wa haraka. Mizigo hupangwa sakafuni kwa mstari mmoja, wenyewe mnarudi nyuma, kisha askari anapita na mbwa anayenusa begi moja baada ya jingine. Mama alikuwa na boksi la zawadi lililofungwa kwa kamba ya katani, na kabla mbwa hajafika akalifunika gazeti, kwa kuwa ndani mlikuwa na mswala wake. Askari alimwona, akaelewa, akamvuta mbwa kidogo ili anuse bila kugusa. Mama akamshukuru. Kitu kidogo, lakini tangu hapo alikuwa na furaha.

Viti vya daraja la kawaida vinatazamana. Nilimpa mama upande wa kulia wa dirisha kwa sababu ya Kilimanjaro. Kati ya Emali na Kibwezi, mawingu yakiwa mbali, mlima unaonekana upande huo, nyuma ya vilima vya Chyulu. Januari asubuhi ni wakati mzuri wa kuuona, nasi tukabahatika: kilele kilikuwa wazi kwa muda, cheupe, kikiwa kimeinuka juu ya ukungu hata mama akadhani ni wingu mpaka kijana wa kiti cha mbele akamwonyesha.

Baada ya Mtito Andei reli inapita katikati ya Tsavo, Mashariki kushoto, Magharibi kulia. Tembo wa huko ni wekundu kwa ule udongo wanaojirushia. Tuliona kundi moja likiwa karibu na tuta la reli, na behewa zima likasimama upande mmoja, watoto kwa wazee. Mto Tsavo tuliuvuka juu ya daraja refu la saruji. Chini yake ndipo mwaka 1898, wakati reli ya kwanza inajengwa, simba wawili waliwala wajenzi, wengi wao Wahindi walioletwa kwa kazi hiyo. Ngozi za simba wale ziliuzwa mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field, Chicago, na ziko huko mpaka leo. Mimi naona mahali pake ni hapa, penye makaburi ya waliokufa.

Mama alisafiri mara nyingi na treni ile ya zamani. Ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa ilidumu juu ya reli hiyo hadi SGR, reli hii mpya, ilipofunguliwa mwaka 2017. "Tulipanda magharibi, tukala mahamri yetu gizani, ukiamka alfajiri wauona mnazi wa kwanza," aliniambia. Tukaanza kuutafuta. Mibuyu ilikuwa tele tangu Kibwezi, kisha Voi na mashamba ya mkonge, kisha nyika ya Taru ambayo haina kitu ila vichaka na vumbi. Mnazi wa kwanza tuliuona karibu na Mariakani. Mama aliuona kabla yangu, na macho yake ndiyo hayo yaliyotoka kutibiwa.

Tulishuka Miritini kama saa nane mchana. Ndani ya treni ni baridi muda wote, kwa hiyo joto la pwani hukungoja mlangoni. Treni ya zamani iliingia mpaka kisiwani, stesheni ya relwe karibu na Mwembe Tayari; hii inakuacha bara, nasi tukamalizia kwa matatu. Tuliingia mjini kwa daraja la Makupa lililofunguliwa mwaka 2022. Pale kulikuwa na tuta la kikoloni lililoziba mkondo kwa miongo mingi, watu wakavuka kwa gari wakasahau kwamba wako kisiwani. Sasa maji yanapita tena chini. Nilimwonyesha mama, akasema, "Alhamdulillahi, wameyafungua."

Ijumaa: Mombasa

Siku nzima tulikuwa mjini, na ndiyo siku niliyoipenda kuliko zote.

Asubuhi tulikula mahamri na mbaazi kwa jirani Kibokoni, kisha tukaenda Marikiti. Mama alishasema kwamba halwa hatubebi, kwa kuwa Unguja wanayo yao na dada yake hataisifu ya Mombasa hata ikiwa nzuri vipi. Alichotaka ni achari ya embe na mabuyu. Alizunguka meza baada ya meza akionja. Muuzaji mmoja alimpa kipande cha embe juu ya kijiko, mama akakifumba mdomoni, akanyamaza kidogo, akauliza, "Siki umetia lini?" Muuzaji akacheka, akafungua ndoo nyingine iliyokuwa chini ya meza, ya wiki nyingi zilizopita, rangi yake imekolea hadi kuwa nyekundu nyeusi, mafuta yameelea juu na punje za hulba zimevimba. Hiyo ndiyo aliyochukua. Iliwekwa kwenye chupa ya kioo, mfuniko ukakazwa juu ya kipande cha nailoni ili isivuje, kisha chupa ikaviringishwa kwenye leso kuukuu ndani ya boksi.

Kutoka Marikiti tulitembea hadi Fort Jesus. Nimepita nje ya ngome ile tangu utotoni, lakini kuwa hapo na mama ni jambo jingine. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, Waomani wakaitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Mombasa na Unguja hazikupendana siku zote. Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa, walipigana na Sayyid Said, Sultani wa Omani na Unguja, mpaka mwaka 1837 alipoushika mji. Hata Waingereza walipotawala tangu 1895, ukanda wa pwani wa maili 10 ulihesabika kuwa mali ya Sultani wa Unguja, na bendera yake nyekundu ilipepea juu ya ngome hii hadi mwaka 1963. Mama anaikumbuka. Alikuwa mtoto, akipita kwenda chuo cha Kurani na dada yake amemshika mkono. Alisimama akaninyoshea kidole mahali mlingoti ulipokuwa.

Baada ya sala ya Ijumaa tulishuka hadi Bandari ya Kale. Mjumbe wa nyumba jirani anafahamiana na watu wa forodha pale, kwa hiyo tuliruhusiwa kukaa kwenye kibaraza na kuangalia. Kulikuwa na jahazi moja likipakiwa. Mzee mmoja, bila shaka nahodha, alikuwa amekaa juu ya kamba zilizokunjwa akinywa kahawa tungu, na muuza kahawa alikuwa kasimama na dele lake akisubiri kikombe.

"Sabalkheri, mzee wangu," mama akamsabahi.

"Sabalkheri, bi mkubwa."

"Hili laenda Unguja?"

"La. Hili lapanda juu, Lamu na Kismayu. Mzigo tu. Abiria hatutwai."

"Na zamani?"

"Zamani wangoja kaskazi. Pepo ikiwa njema, mchana mmoja na usiku wake, uko Unguja."

Kaskazi ndiyo hii inayovuma sasa, tangu Novemba hadi Machi, ikileta vyombo kutoka Arabuni na kuvisukuma kusini. Kusi ikianza Aprili vinarudi. Kwa karne nyingi mtu wa Mombasa aliyetaka kwenda kuoa, kufanya biashara au kuzika Unguja alishuka ngazi za bandari hii. Leo hakuna chombo cha abiria chenye ratiba kutoka Mombasa hadi Unguja.

Hebu tazama ramani. Kati ya visiwa hivi viwili ni kama kilomita 240 kwa mstari wa moja kwa moja baharini. Sisi tulikuwa tunaanza safari ya barabara ya zaidi ya kilomita 500 kushuka hadi Dar es Salaam, tukiipita Unguja kwa kusini, ili tupande boti irudi nayo kaskazini. Boti za kasi za Dar hutumia takriban saa mbili kwa bahari ya kilomita 70 na kidogo. Kwa mwendo huo Mombasa na Unguja zingekuwa kama saa sita au saba: unatoka alfajiri, unasali adhuhuri au alasiri kwa ndugu zako. Najua kuendesha meli ni gharama, na kuna mambo ya forodha, uhamiaji na bima. Lakini abiria wapo. Wako katika kila nyumba ya Mji wa Kale, Kisauni, Likoni, Malindi ya Unguja na Kikwajuni. Watu wanaooana hivi hawajaacha kuhitajiana.

Jioni tulimalizia ufukweni Mama Ngina, tukala mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa ikatiwa pilipili na ndimu, tukitazama meli ya makasha ikiingia Kilindini polepole, karibu mno hata unasoma jina lake.

Jumamosi: Likoni, Lunga Lunga, Tanga

Basi la Tanga liliondoka mapema. Likoni abiria hushuka, wakavuka kwa miguu, basi likavuka na magari mengine, mkakutana ng'ambo. Mwenye miguu halipi kitu. Kuna barabara ya Dongo Kundu inayozunguka kutoka Miritini hadi upande wa Kwale kupitia daraja la Mteza bila kugusa feri, na ni nzuri, ila mama alitaka kupita maji haya.

Mnangojea kwenye banda kubwa, watu mamia, mpaka lango lifunguliwe, kisha umati unateremka kwa pamoja. Nilimshika mama kiwiko. Vijana walio mbele yetu walisimama wakatupisha upande wa reli ya chuma, mmoja akalibeba lile boksi bila kuombwa. Kuvuka ni dakika chache tu. Mama hakuzungumza mpaka tukafika kati, akasema, "Mtongwe." Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya MV Mtongwe ilizama kwenye maji haya haya ya Kilindini, juu kidogo ya hapa, na watu 272 wakafa, wengi wao wakielekea kazini asubuhi. Jirani yetu mmoja alikuwa ndani. Mama hujisomea Fatiha kila anapovuka, na safari hii nilisoma naye.

Baada ya hapo barabara ni laini: Waa, Tiwi, Ukunda, Msambweni, kisha miwa ya Ramisi, na watu wa Kidigo wakiuza maembe na madafu. Kufika Lunga Lunga haikuwa hata mchana.

Mpakani sasa maofisa wa nchi zote mbili wamekaa jengo moja upande wa Horohoro. Unatoka dirisha moja, unaenda la pili. Beba pasi ya kusafiria au hati ya muda, na kadi ya chanjo ya homa ya manjano, maana Tanzania huiulizia. Pasi ya mama ilikuwa mpya, haina hata muhuri mmoja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mnakwenda wapi?"

"Unguja. Kumwona dadangu."

"Karibu sana Tanzania." Akagonga muhuri.

Mama akaurudisha mkono wake na pasi, akaitazama ile wino, akakaa kwenye benchi. Nikadhani amechoka. Akaniambia habari ambayo sikuwahi kuisikia yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi mwaka 1983. Babu alifariki katikati ya miaka hiyo. Walipeleka simu ya maandishi Unguja, ikafika, lakini mama mkubwa hakuwa na njia ya kuja. Matanga yalikwisha, arubaini ikasomwa, yeye yuko kwake analia peke yake. Mpaka wenyewe ni mstari uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, ukaanzia mdomo wa mto Umba karibu na Vanga na kuwagawa Wadigo nusu kwa nusu. Ilitosha kamba hiyo kukazwa, bibi mmoja wa Mombasa akamzika mumewe bila binti yake mkubwa.

Kwa hiyo nilipomwona mama anauangalia muhuri nilielewa.

Tanga tulilala. Kuanzia mpakani ni mkonge kwa mistari mirefu, na mji umetulia, barabara pana zenye miti. Huko nako kuna reli ya kale, waliyoianza Wajerumani mwaka 1893, kabla hata ile ya Mombasa. Huwa kuna boti za Tanga na Pemba, lakini si za kila siku, na siku zetu hazikulingana. Wewe unayepanga safari, ulizia kwanza. Ikikubaliana utaokoa njia ndefu ya Dar.

Jumapili: Tanga hadi Dar

Sina mengi. Muheza machungwa yanauzwa dirishani, matamu kweli, na tulinunua mfuko. Segera unaingia barabara kuu, halafu Mkata, Msata, Chalinze, Kibaha. Askari wa barabarani wengi, basi halikimbii, na hilo ni jema. Tulishuka kituo cha Magufuli, Mbezi, alasiri, tukachukua taksi mpaka Kariakoo kwenye nyumba ya wageni ya kawaida yenye feni na maji. Ubadilishaji wa fedha: shilingi moja ya Kenya hutoa karibu 20 za Tanzania, kwa hiyo usishtuke ukitajiwa elfu thelathini.

Mama alilala saa mbili usiku.

Jumatatu: boti

Gati la boti za Unguja liko barabara ya Sokoine, ng'ambo ya kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu. Boti huondoka mara kadhaa kwa siku, ya kwanza saa moja asubuhi. Tikiti nunua dirishani au kwenye ofisi yenyewe, na usimsikilize anayekukimbilia barabarani akidai atakupatia kwa bei ndogo. Jina kwenye tikiti lazima lifanane na la pasi.

Tuliketi chini, katikati, ambapo chombo hakiyumbi sana. Hii ni nasaha ninayoitilia mkazo, hasa wakati wa kaskazi, kwa kuwa boti inaelekea kaskazini na upepo unaikabili usoni. Mkishatoka kwenye mlango mwembamba wa bandari ya Dar maji yanatulia kwa muda, unaviona Bongoyo na Mbudya upande wa kushoto, kisha mawimbi yanaanza. Wahudumu walipita na mifuko ya plastiki. Wengi walitapika. Mama alikuwa na kipande cha tangawizi mbichi alichokivunja mara mbili, akanipa kimoja, kingine akakitia shavuni, akafumba macho na kushika tasbihi yake. Hakutapika. Mimi pia sikutapika, lakini nilikuwa karibu.

Upande wa kulia ulipotokea mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa mwaka 1904, bahari ikapoa. Watu wakaanza kusimama. Nilimwamsha mama, tukatoka nje nyuma kwenye hewa. Mji Mkongwe unakujia wote kwa pamoja: kuta nyeupe, madirisha, minara ya kanisa na misikiti, na ule uwazi wenye majukwaa ya ujenzi pale ilipoporomoka sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la mwaka 1883, tarehe 25 Desemba 2020. Mama alikuwa amelijua likiwa zima. Aliweka mkono kinywani.

Uhamiaji tena, meza ndogo, muhuri wa pili. Wachukuzi bandari ya Malindi ni wengi na wana haraka. Tulimchagua mmoja mtu mzima, tukakubaliana bei kabla hajagusa mzigo.

Mama mkubwa alikuwa nje ya lango, kavaa buibui la zamani la ukaya, kijukuu chake kamshikia mwavuli. Ni mrefu kuliko mama. Hawakukimbiliana. Mama alisogea akataka kumbusu mkono, mama mkubwa akauvuta, akamkumbatia, na wakabaki hivyo watu wakiwapita kulia na kushoto na mikokoteni.

"Umekuja na ndege?" akauliza hatimaye.

"Nimekuja na nchi kavu, dadangu. Maji ni haya ya mwisho."

"Siku zote hizo njiani!"

"Nimepita kote. Nimeona."

Nyumbani Kikwajuni boksi lilifunguliwa kabla ya chai. Chupa ya achari ilikuwa salama, tone moja tu limeingia kwenye leso. Mama mkubwa aliichovya kwa kidole cha mwisho, akaonja, akasema kwa sauti ya kuuliza na kujibu, "Ya Marikiti." Kisha akawaita majirani wawili kutoka upande wa pili wa ua, na kila mmoja akapewa kijiko. Nilikuwa nimekaa mkekani, na nikawasikia wakitaja majina: fulani wa Kuze aliyeolewa Vuga, fulani aliyekwenda Mombasa kwa jahazi kufunga ndoa akarudi na mapacha, fulani ambaye kaburi lake liko Mombasa na watoto wake wako hapa. Waliendelea hadi adhana ya magharibi.

Jumanne: Unguja

Tulimpumzisha mama asubuhi. Mimi nilikwenda na kijukuu hadi bandarini, kwa sababu nilitaka kusikia kwa masikio yangu. Kwenye madirisha ya tikiti kuna Dar, kuna Pemba. Nikauliza Mombasa. Kijana wa dirishani alinijibu kwa adabu kwamba haipo, ila wanaulizwa, akaongeza kwamba mama yake mzazi pia ana jamaa Majengo, Mombasa. Mzee aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akaingia: kaka yake yuko Mtwapa na hawajaonana muda mrefu, kwa kuwa goti lake haliwezi basi la siku nzima. Hao ni watu wawili kwenye foleni moja.

Serikali za pande zote zimetumia pesa nyingi kwa reli, madaraja na vituo vya mpakani, na nimezipita na kuzifurahia. Daraja la Makupa ni zuri, Horohoro wanakaribisha watu vizuri. Ninachoomba ni gati moja lipangiwe meli moja, hata mara mbili kwa wiki, hata wakati wa kaskazi pekee kwa kuanzia, Mombasa, Pemba, Unguja. Wazee wenye magoti mabaya hawana muda mrefu wa kusubiri, na ndio wanaojua majina.

Jioni tulishuka Forodhani wote, mama mkubwa kwa kigari cha jirani. Tulikula urojo na mishikaki, tukanywa juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi. Mama alisema urojo ni mkali mno. Mama mkubwa akasema Mombasa mmezoea vya kupoza. Walibishana hilo mpaka sahani zikaisha.

Kesho tunaendelea Pemba. Boti inashukia Mkoani, na kutoka hapo hadi Wete, kwa binamu wa mama, ni gari. Mama mkubwa alikuwa asubuhi amesema hawezi safari ya bahari tena. Saa tatu usiku ametuma kijukuu kununua tikiti ya tatu.